Maneno Magumu ya Shuleni ni Mambo ya Nyumbani

Jioni moja, baada ya kukama ng'ombe, mzazi mwenzetu mmoja wa hapa Daudi alikuja katika kikundi chetu cha kusoma akiwa na daftari mkononi. Daftari hilo halikuwa lake. Lilikuwa la binti yake anayesoma kidato cha pili. Akalifungua juu ya meza, akasema, "Hebu tazameni, wenzangu. Mtoto analia. Ameambiwa ayajue haya yote kabla ya mtihani, na mimi mama yake siwezi kumsaidia hata neno moja."

Tukatazama. Ukurasa mzima ulijaa maneno ya Kiingereza, na mbele ya kila neno maelezo, nayo kwa Kiingereza. Mtoto alikuwa ameyanakili ubaoni, kisha akayakariri kama kasuku. Kusema aliweza. Kuelewa hakuelewa.

Sisi wa kikundi hiki tulijifunza kusoma ukubwani. Sekondari hatukuiona ila kwa nje. Wengine wetu walitaka kumwambia yule mama, "Mwachie mwalimu." Lakini mzee mmoja akakataa. Akasema, "Mwiteni mtoto mwenyewe atueleze."

Binti akaja, akatuamkia, akaketi. Akaeleza neno la kwanza kwa Kiswahili kadiri alivyoweza. "Babu, ni pale unaposema kitu hiki ni kama kitu kile." Mzee akacheka. "Hilo tu? Mbona bibi yako anasema hivyo kutwa nzima!"

Hapo ndipo tulipoanza. Tulikaa naye jioni nne. Yeye alileta majina ya Kiingereza, sisi tulileta mifano. Makala hii ni mavuno ya jioni hizo nne. Tunaiandika kwa ajili ya kila mzazi aliyesoma kisomo cha watu wazima na mwenye mtoto sekondari.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Mtoto wa Mbulu na Hanang hupanda ngazi tatu za lugha. Nyumbani husema Kiiraqw, au Kidatoga kwa majirani zetu. Shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967. Akifika kidato cha kwanza, karibu masomo yote ni kwa Kiingereza.

Jambo hili limezungumzwa miaka mingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo mtoto wetu hukutana na Kiingereza, apende asipende.

Sasa kidato cha pili kuna mtihani wa taifa wa upimaji. Asiyefaulu hurudia darasa. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 serikali imeondoa ada katika sekondari zake, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Lakini sare, madaftari na chakula bado vipo. Mwaka wa kurudia ni mwaka wa gharama. Tena, binti anayerudia darasa hukata tamaa upesi, na wako wazazi wanaosema, "Basi, akae nyumbani." Jamani, maneno kumi ya daftarini yasiwe sababu ya mtoto kukaa nyumbani.

TASHBIHI

Neno la kwanza daftarini lilikuwa "simile". Tulipolisoma tulicheka, maana Kiswahili kinalo neno linaloandikwa hivyo hivyo. Mchukuzi aliyebeba mzigo mzito hupiga kelele, "Simile! Simile!" Yaani, nipisheni njia. Lakini neno la Kiingereza ni jingine kabisa, na mwisho wake husikika kama "simili". Kwa Kiswahili jambo hilo huitwa tashbihi, yaani kufananisha.

Mfano: "Kijana huyu ana nguvu kama maksai." Tumemchukua kijana, tumemweka karibu na maksai, tumesema wanafanana kwa nguvu. Maneno yanayounganisha ni kama, mithili ya, mfano wa.

Lakini angalia sana hapa, maana hapa ndipo watoto wengi huanguka. Si kila "kama" ni tashbihi. Ukisema, "Kama mvua ikinyesha tutapanda," hapo hakuna kufananisha. Hapo "kama" ni sharti. Ukisema, "Mahindi ya mwaka huu ni machache kama ya mwaka jana," hapo unapima tu mahindi kwa mahindi. Tashbihi hufananisha vitu viwili vya aina mbali mbali: mtu na maksai, moyo na jiwe, maneno na asali.

SITIARI

Sasa ondoa lile "kama". Sema, "Kijana huyu ni maksai." Hiyo ni sitiari. Kiingereza huandika "metaphor". Hakuna atakayekwenda kumtafutia kijana huyo nira. Kila mtu ameelewa.

Neno sitiari lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuazima. Neno la Kiingereza nalo si la Waingereza tangu mwanzo. Lilitoka kwa Wayunani, na maana yake ni kuhamisha kitu toka hapa kwenda kule. Hata leo, huko Ugiriki, malori ya kuhamisha vyombo vya nyumbani huandikwa ubavuni neno la asili hiyo hiyo. Basi shika hivi: jina ni la maksai. Tumeliazima, tumempelekea kijana. Kazi ikiisha jina linarudi kwa mwenyewe, kama jembe la jirani.

Aristotle, mwalimu wa Wayunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kwamba tashbihi na sitiari ni ndugu wa karibu, na tofauti yao ni ndogo. Mzee wetu aliposikia hivyo alisema, "Kumbe hata sisi tungeliweza kukaa naye kuzungumza."

TASHIHISI

Hili daftarini liliandikwa "personification", neno refu kama kamba ya kisima. Maana yake ni kukipa kitu kisicho mtu matendo ya mtu. Tunasema, "Njaa imebisha hodi." Njaa ina mkono gani wa kubisha? Tunasema, "Jembe langu limechoka." Tukiutazama mlima Hanang wakati wa masika tunasema umejifunika shuka ya mawingu, kama mzee anayeona baridi. Mlima huo una kimo cha meta 3,400 na zaidi, lakini katika maneno yetu umekuwa babu.

CHUKU

Chuku ni kutia chumvi. Vitabu vingine husema mubalagha, na Kiingereza huandika "hyperbole". Mama anamwambia mtoto, "Nimekuita mara elfu!" Hakuhesabu. Labda ni mara nne. "Alilia machozi ya kujaza Ziwa Manyara." Msemaji wa chuku hasemi uongo kama msikilizaji naye anajua kuwa ni chuku. Ni uongo pale msikilizaji anapodhani ni hesabu. Jambo hili tutalirudia mbele, maana limetugharimu sisi wenyewe.

TAFSIDA

Tafsida ni kulivika nguo neno lililo uchi. Kiingereza huandika "euphemism". Mbele ya watu hatusemi mtu amekwenda kunya. Tunasema amekwenda kujisaidia. Hatusemi mzee amekufa. Tunasema ametutoka, au amepumzika. Mama hasemwi kwamba amezaa kama mnyama. Husemwa amejifungua. Hii ni adabu, na ni nzuri.

Lakini iko tafsida ya adabu, na iko tafsida ya kuficha. Mtu akikutangazia "marekebisho ya bei", uliza kwanza: bei imepanda au imeshuka? Maana ikishuka, wenye mali husema waziwazi kwamba imeshuka.

TAKRIRI NA SWALI LA BALAGHA

Takriri ni kurudia neno au sauti kwa makusudi ili lipenye moyoni. Methali yetu ya haraka na baraka inakumbukwa na kila mtoto kwa sababu sauti zake zinarudiana. Wazee wetu wa Kiiraqw nao wana slufay, maneno ya baraka na maombi. Mzee mmoja huongoza, na waliokaa humwitikia. Kila anaposema, mwitikio hurudi tena na tena, mpaka maneno ya mtu mmoja yanakuwa maneno ya wote. Mwalimu wa kidato cha pili akitaka mfano wa takriri, asiende mbali. Aje Daudi siku ya slufay.

Swali la balagha ni swali lisilotaka jibu. Walimu wengine huliita tashtiti, na Kiingereza huandika "rhetorical question". Baba anamwambia mtoto aliyeacha mbuzi wakaingia shambani, "Wewe huna macho?" Ole wake mtoto atakayejibu, "Ninayo, baba." Baba hakuuliza. Baba amesema.

KEJELI

Tulipofika hapa tulikaa sana. Kejeli, katika maana ya somo hili, ni kusema neno huku unataka lieleweke kinyume. Kiingereza huandika "irony", na vitabu vya Kenya mara nyingi husema kinaya. Mtu anaamka saa tano, jua limepanda, wenzake wamekwisha palilia. Mkewe anamwambia, "Leo umedamka kweli kweli!" Sikio linasikia sifa. Moyo unasikia aibu.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao kwa Kiswahili, tena kutoka mkono wa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya mchezo wa Mwingereza William Shakespeare uitwao Julius Caesar. Mwaka 1969 aliutoa tena baada ya kuusahihisha, ukiitwa Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, mchezo mwingine wa Shakespeare. Kiongozi wa nchi mwenye kazi nyingi kiasi kile alikaa akatafuta maneno ya Kiswahili ya kubeba kazi hiyo, na maneno yakapatikana.

Kisa chenyewe ni hiki. Kaizari, mkubwa wa Roma, anauawa na watu wakiwemo rafiki zake. Mmoja wao ni Brutus, mtu anayeheshimiwa sana. Rafiki wa marehemu, Mark Antony, anaruhusiwa kusema mazishini, lakini kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Basi anafanyaje? Hawalaumu. Anamsifu Brutus. Anasema Brutus ni mtu wa heshima. Kisha anaeleza wema mmoja wa marehemu, halafu anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Anaeleza wema mwingine, anarudia tena. Kila anaporudia, sifa ile inaoza kidogo. Mwishowe watu wanashika moto kwenda kuchoma nyumba za wauaji.

Si unaona? Takriri ipo. Maswali ya balagha yapo. Kejeli ipo. Mji mzima umegeuzwa kwa maneno ya mtu mmoja aliyekatazwa kulaumu. Binti yetu aliposikia kisa hicho aliuliza, "Kwa hiyo maneno haya si ya mtihani tu?" Mzee akamjibu, "Mjukuu wangu, mtihani ndio ulioyakuta."

MANENO YA KUPIMIA HADITHI

Upande wa pili wa daftari ulikuwa na maneno ya hadithi: mhusika, mandhari, mgogoro, dhamira. Kwa Kiingereza ni "character", "setting", "conflict" na "theme". Tuliyajaribu kwa kitabu kimoja ambacho kimesomwa miaka mingi katika shule nyingi za Afrika, Things Fall Apart cha Chinua Achebe wa Nigeria. Kilitoka mwaka 1958. Mwaka 1973 kilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Hamkani si Shwari Tena, kwa hiyo hata sisi tunaweza kukisoma.

Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza, lakini watu waliomo ni wakulima wa kijijini, Waigbo, walima viazi vikuu. Wana methali nyingi kuliko sisi. Wanapeana heshima kwa umri, wanahesabu utajiri kwa ghala. Mtoto wa Daudi akikiogopa kwa sababu ni cha Kiingereza, anawaogopa majirani zake waliovaa nguo za ugeni.

Mhusika ni mtu wa ndani ya hadithi. Mhusika mkuu hapa ni Okonkwo. Baba yake alikuwa mvivu, akafa na madeni. Okonkwo anaogopa maisha yake yote asije akaonekana dhaifu kama baba yake. Akiwa kijana anakwenda kwa tajiri mmoja kuomba mbegu, anapewa viazi 800 apande kwa kugawana mavuno. Mwaka huo jua linachoma, kisha mvua inakuja kama inayolipa deni kwa siku moja. Mkulima yeyote wa hapa atakuelezea sura hiyo bila kufungua kitabu.

Mandhari ni mahali na wakati wa hadithi. Hapa ni vijiji vya Waigbo, mwishoni mwa karne ya 19, wakati wamisionari na wakoloni walipoingia.

Mgogoro ni mvutano. Upo mgogoro wa nje: kijiji na utawala wa kigeni. Upo na wa ndani: Okonkwo na hofu yake mwenyewe. Mwishowe anajiua.

Dhamira ni lile jambo ambalo mwandishi analilenga katika hadithi nzima. Mtoto akiulizwa dhamira asisimulie hadithi. Aseme jambo. Kwa mfano: mtu anayeongozwa na hofu ya kuonekana dhaifu anaweza kujivunja mwenyewe. Au: jamii iliyogawanyika ndani hushindwa upesi na adui wa nje.

SWALI LA MZEE

Ndugu wasomaji, jioni ya tatu tuligundua kosa. Binti alikuwa sasa anataja majina vizuri. Tukisema "moyo wa jiwe", anajibu "sitiari". Tukisema "upepo ulinong'ona", anajibu "tashihisi". Tukafurahi, tukadhani tumemaliza. Yule mzee akauliza, "Sawa. Lakini kwa nini hakusema waziwazi?"

Mtoto akanyamaza. Sisi pia tukanyamaza.

Hilo ndilo swali lenyewe. Jina bila sababu ni kama mfuko wa mbegu bila mbegu. Mtu aliyesema "njaa imebisha hodi" angeweza kusema "chakula kimepungua". Kwa nini hakusema hivyo? Kwa sababu anayebisha hodi yuko mlangoni sasa hivi, na usipomwona atakuwa ndani. Sitiari na tashihisi zimemfanya msikilizaji aogope na ajiandae. Mtoto akiandika hayo katika karatasi ya mtihani, mwalimu anaona kwamba ameelewa. Akiandika jina peke yake, mwalimu anaona kwamba amekariri.

YALIYOTUPATA MNADANI

Swali hilo la mzee lilitukumbusha jambo ambalo hatupendi kulikumbuka. Miaka ya nyuma kidogo, baadhi yetu tulinunua mbegu za mahindi mnadani. Muuzaji alikuwa hodari wa kusema. Mifuko yake haikuwa na lebo. Alisimama juu ya sanduku akatangaza hivi:

"Ndugu zangu wakulima! Mbegu hii ni dhahabu. Panda kilo moja tu, uvune mpaka ghala lipasuke. Mvua ikichelewa, mbegu hii inaisubiri kwa uvumilivu. Nani hapa hapendi watoto wake washibe? Nani? Nani?"

Tukanunua. Katika kila mashimo kumi yaliota mawili, matatu. Muuzaji hatukumwona tena. Mwaka ule wengine wetu waliuza mbuzi ili wanunue unga.

Jioni ya nne tulimwambia binti maneno yale ya mnadani, kama tulivyoyakumbuka. Akachukua kalamu. "Mbegu hii ni dhahabu," akasema, "sitiari. Ghala lipasuke, chuku. Mbegu inasubiri kwa uvumilivu, tashihisi. Nani hapendi watoto wake washibe, swali la balagha. Nani, nani, takriri." Halafu bila kuulizwa akaendelea: "Na kwa nini hakusema waziwazi? Kwa sababu hakuwa na la kusema waziwazi. Hakusema ni mbegu ya aina gani. Hakusema inakomaa kwa siku ngapi. Hakusema nani ameithibitisha."

Mama yake akashika kichwa. Sisi wengine tukatazama chini. Mtoto wa kidato cha pili alikuwa ametuonyesha kwa dakika mbili jambo lililotugharimu msimu mzima.

Msitufahamu vibaya. Maneno mazuri si kosa. Mhubiri huyatumia, kiongozi huyatumia, bwana harusi huyatumia kwa wakwe. Bibi akitaka mtoto alale huyatumia. Kosa ni kununua maneno ukidhani umenunua kitu. Mbegu iliyothibitishwa hapa nchini huwa na lebo ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI. Lebo haina sitiari wala chuku. Ndiyo maana isomwe kwanza, na hotuba isikilizwe baadaye.

JINSI YA KUMSAIDIA MTOTO

Mzazi, usiseme "mimi sijui Kiingereza". Huhitaji kujua Kiingereza ili kufanya mambo haya manne.

Kwanza, mwambie mtoto akueleze neno kwa lugha ya nyumbani. Asipoweza kulieleza kwa Kiiraqw au kwa Kiswahili, basi bado hajalielewa, hata kama analitamka vizuri kwa Kiingereza.

Pili, mpe mifano miwili ya nyumbani. Chukua ya shambani, ya zizini, ya jikoni. Yeye akupe wa tatu.

Tatu, muulize swali la mzee: kwa nini hakusema waziwazi?

Nne, sasa aandike yote kwa Kiingereza: jina, mfano, na sababu. Hapo wewe kaa pembeni, umwashie taa.

Na tumwombe mtoto naye atufundishe. Anayo majina ambayo sisi hatunayo. Sisi tunayo mifano ambayo yeye hanayo. Mmoja ana mpini, mwingine ana jembe. Na hiyo, ndugu msomaji, umekwisha jua inaitwaje.

Mtihani wa binti yetu ni mwishoni mwa mwaka. Matokeo hatuyajui, na hatutayatangaza kabla ya wakati wake. Tunachojua ni kwamba daftari lile halimlizi tena. Juzi alipita karibu na kikundi, akasikia mmoja wetu akisema kwamba bei ya vitunguu saumu imelala. Akasimama mlangoni. "Shikamooni. Bei imelala? Tashihisi hiyo!" Kisha akacheka, akaenda zake kuteka maji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Taja tashbihi tatu ambazo watu wa kijiji chako husema kila siku. Ziondoe "kama" ziwe sitiari. Je, nguvu ya maneno imezidi au imepungua?

2. Kumbuka tangazo moja ulilolisikia mnadani au redioni. Ni chuku ipi ilikuwemo? Ni ukweli gani wa kupimika uliokuwemo?

3. Eleza tafsida moja ya adabu na tafsida moja ya kuficha.

4. Mark Antony alimsifu Brutus mpaka watu wakamchukia. Je, umewahi kusikia sifa ya namna hiyo katika mkutano? Watu walifanya nini?

5. Chagua hadithi moja ya nyumbani. Nani mhusika mkuu? Mgogoro ni upi? Dhamira yake iseme kwa sentensi moja tu.